Alipima maji akapata 93, nikamwekea kosa

Shikamoo Mwalimu,

Nakusoma tangu nikiwa chuo, na leo zamu yangu ya kuandika imefika. Nina mwaka wa nne kazini, katika sekondari ya kata huku nyanda za juu mkoani Njombe, mahali ambapo asubuhi ya mwezi wa saba mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni kama anavuta sigara. Niliajiriwa kufundisha Kemia na Biolojia. Mwenzetu wa Fizikia alipohama, nikabebeshwa na hiyo, kidato cha kwanza na cha pili. Kidato cha pili peke yao wako 84.

Maabara tunayo, kwa maana ya jengo. Ndani kuna meza mbili, mtungi mdogo wa gesi, kabati ambalo funguo zake hushinda ofisini kwa mkuu wa shule, na vipimajoto vitatu vinavyosomeka.

Muhula uliopita nilitunga mtihani wenye swali la vitendo. Wanafunzi wachemshe maji, wasome kipimajoto kila baada ya dakika mbili, wachore grafu, kisha waandike maji yamechemka kwenye nyuzi ngapi. Niliwaingiza maabara kwa makundi. Unajua mwenyewe mambo yanavyokuwa: kundi la kwanza linapima kweli, la tatu linaharakishwa, la sita linanakili kwa la tatu. Nilipokusanya karatasi, zaidi ya 60 walikuwa wameandika 100. Wengine waliacha wazi. Mvulana mmoja aliandika 93. Mwongozo wangu wa kusahihishia ulisema 100, nikamwekea kosa, nikaendelea na karatasi iliyofuata.

Siku ya kurudisha karatasi akanyoosha mkono. "Madam, mimi nilipima mara mbili." Nikamjibu kwamba atakuwa alisoma vibaya, maana kila mtu anajua maji huchemka kwenye nyuzi 100. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo jina lake ni Tisini na Tatu, hata uwanjani wakicheza mpira wanamwita hivyo. Alikuwa mtoto wa maswali. Sasa hanyooshi mkono tena.

Wiki mbili baadaye nilibaki maabara jioni, nikachemsha maji mwenyewe. Kipimajoto cha kwanza 93. Cha pili 93. Cha tatu kilicheza kati ya 93 na 94. Nikazima gesi, nikafunga mlango. Sijamwambia mtu.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, lakini yapo mengine yamelizunguka. Kila Ijumaa nawapa jaribio, maswali nayatoa kwenye mitihani ya miaka iliyopita, na wanapata 70, wengine 80. Ukija Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, Fizikia yetu ni D na F zimepangana kama matofali. Juzi niliwauliza: kikombe cha maji yanayochemka na sufuria kubwa ya maji yanayochemka, kipi kina jotoridi kubwa? Darasa zima likasema sufuria, wakati jotoridi lake ni lile lile. Na hao hao wanaweza kukutiririshia maana ya joto na ya jotoridi kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kupumua. Nikifafanua kwa Kiswahili naona macho yanafunguka, lakini shuleni kwetu kuna agizo la Kiingereza tupu, na mwalimu akisikika anakumbushwa mbele ya wenzake.

La mwisho. Mwalimu wa taaluma anataka alama za vitendo za Kemia kidato cha tatu. Kemikali hazijanunuliwa, hatujafanya titresheni hata moja (lile zoezi la kutia asidi kidogo kidogo kwenye alkali mpaka rangi igeuke). Anasema jaza tu, kila shule inajaza. Mwaka jana nilijaza. Mwaka huu mkono unakuwa mzito.

Nifanyeje, Mwalimu? Nianzie wapi?

Madam wa Nyanda za Juu

Jibu la Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu.

Tuanzie kwa kijana, kwa sababu yeye ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Kijana alikuwa sahihi. Katika watoto 84 yeye ndiye aliyefanya ulichokiagiza: alipima, akaona namba ya ajabu, akapima tena, akaandika alichokiona. Wale waliopata alama walikumbuka kitabu. Swali lako lilikuwa la vitendo, mwongozo wako ulikuwa wa kukariri, na vilipogongana ukauamini mwongozo.

Usijione peke yako. Mimi nimefundisha Fizikia miaka 31, mingi kati ya hiyo ukanda wa pwani, na huko maji yalikuwa yananifichia ujinga: yalichemka kwenye 100 kama kitabu kilivyosema, nami nikajiona najua. Ningepangiwa Njombe ningemwekea kosa huyo huyo, pengine na kumchapa juu.

Sababu unaijua, umeisoma chuo, ila hukuitarajia ndani ya sufuria yako. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako inapungua, basi maji hayahitaji kupata moto mwingi ili yachemke. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 unazopanda zinapunguza nyuzi moja hivi. Kwenye mita 2,000, ambako sehemu nyingi za nyanda zenu ziko, mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 80 tu ya ule wa pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 na kitu. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni karibu 80. Chai ya huko inachemka kwa fujo na bado haikolei. Na mama wa huyo kijana anaijua habari hii kuliko sisi wote, ila anaiita kwa jina jingine: maharage ya huku yanamaliza kuni. Yanachelewa kuiva kwa sababu maji yanayochemka huko kwenu si ya moto kama yanayochemka Dar es Salaam.

Kwa hiyo una deni. Ulimkosoa mbele ya darasa, utamrudishia mbele ya darasa. Usiende kumwambia pembeni, koridoni, kwa sauti ya chini. Jina la Tisini na Tatu lilizaliwa hadharani. Lakini usianze kwa hotuba ya kuomba radhi. Rudia jaribio.

Chukua vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Kabla ya kuwasha gesi, kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi: maji yatachemka kwenye nyuzi ngapi, na kwa nini nadhani hivyo. Wabishane kwa Kiswahili, dakika tano, nawe unyamaze (hilo la Kiswahili nitalirudia). Kisha pimeni. Una mtungi mmoja, basi liwe sufuria moja mezani mbele, vipimajoto vitatu ndani yake, wasomaji watatu wanaobadilishana, kila msomaji aandike namba yake ubaoni bila kumtazama mwenzake. Ubao utajaa 93, 93, 94, 93. Hapo ndipo useme: "Kuna mtu aliyaandika haya muhula uliopita nikamwekea kosa. Kosa lilikuwa langu." Chukua karatasi yake, ifute alama, iandike upya. Inatosha. Watoto wana kipimo kikali cha unafiki; maneno mengi yatakuharibia.

Kuna mmoja mjanja atauliza: je, kama vipimajoto vyote ni vibovu? Mwombe Mungu aulize. Asipouliza, uliza wewe. Nenda kwenye duka lenye friza, nunua barafu ya maji matupu, si zile za ubuyu wala za juisi, maana sukari itakudanganya. Iponde, ichanganye na maji kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto, subiri dakika chache. Kinapaswa kusoma 0, na hapo mwinuko hauna la kusema, kwa sababu kuyeyuka kwa barafu karibu hakuguswi na mgandamizo wa hewa. Kikisoma 1, basi unajua kinazidisha moja. Somo hilo la kukihoji kifaa chenyewe ni kubwa kuliko lile la maji, na silioni likifundishwa mahali pengi.

Hadithi ya Erasto Mpemba wanafunzi wako wataipenda, na kwa mara moja itaingia mahali pake badala ya kuwa pambo la hotuba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Tanga, wanatengeneza aiskrimu. Maziwa huchemshwa na sukari, yaachwe yapoe, ndipo yaingie friza. Yeye akaona nafasi ya friza inakwisha, akatia yake yakiwa ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza aliambiwa amejichanganya. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alirudia swali, na mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaichukua hiyo kauli kumtania nayo kila akikosea, kama walivyolichukua hilo Tisini na Tatu. Mpaka alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akauliza tena huku wenzake wakimcheka, na mgeni akaahidi kwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe hutokea kila mara na kwa nini. Hilo halinisumbui. Mimi namtazama Osborne: alikuwa na kila sababu ya kumcheka mtoto, akaenda kupima.

Sasa majaribio yako ya Ijumaa. Una habari mbili zinazopingana, 80 darasani na D kwenye Upimaji, nawe unajiuliza ipi ya kweli. Zote za kweli. Watoto wako wana sayansi mbili, ya daftari na ya kichwani. Ya daftari iko kwa Kiingereza, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, inatoka ikiitwa. Ya kichwani iko kwa Kiswahili au kwa Kibena au Kikinga, ilijengwa jikoni na shambani, na inasema sufuria kubwa ina moto zaidi ya kikombe. Wewe kila Ijumaa unapima ya daftari. Unawauliza maana ya jotoridi, wanakupa maana ya jotoridi. Swali lolote likikaa kando kidogo na daftari, linaifikia ile ya kichwani, na huko hujawahi kuingia.

Usidhani ni ugonjwa wa shule za kata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 profesa wa Harvard, Eric Mazur, ambaye wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa hesabu ngumu za mekanika, aliwapa maswali mepesi ya kueleza kani kwa maneno ya kawaida. Mwanafunzi mmoja akamuuliza: nijibu kama ulivyotufundisha, au kama ninavyofikiri mwenyewe kwa kawaida? Mazur alibadilisha ufundishaji wake wote kwa sababu ya swali hilo. Harvard, mwanangu, yenye maabara na funguo zake.

Fanya hivi. Chukua jaribio lako la Ijumaa iliyopita, pitia swali moja moja, jiulize: jibu hili liko daftarini neno kwa neno? Likiwa ndiyo, weka alama ya D, kwa maana ya Daftari. Nakuhakikishia utaona D nyingi kuliko za Upimaji wenyewe. Usiyafute yote. Maana na kanuni zinahitajika, na mtihani wa taifa unaziuliza. Ila katika kila maswali kumi, matatu yawe ambayo daftari haliwezi kuyajibu.

Hayahitaji vifaa. Asubuhi ya mwezi wa saba, mwambie mtoto aguse mguu wa chuma wa dawati, kisha ubao wa dawati hilo hilo. Chuma ni baridi zaidi, watasema wote, na wewe ungesema. Funga kipimajoto kwenye chuma, baadaye kwenye mbao, na kitasoma sawa, kwa sababu vimelala chumba kimoja usiku kucha. Chuma kinanyonya joto la kidole haraka, basi. Hilo ni swali la alama nne: eleza kwa nini vimesoma sawa lakini vimehisiwa tofauti. Au swali hili, ulilolizaa wewe mwenyewe: wanafunzi wawili wamechemsha maji, mmoja Bagamoyo akapata 100, mwingine Makete akapata 93, nani amekosea? Anayeandika kwamba hakuna aliyekosea, na akasema kwa nini, huyo ameelewa mgandamizo wa hewa, hata kama Kiingereza chake kinachechemea.

Maswali ya kuchagua nayo usiyadharau, nasikia siku hizi ni mtindo kuyasema vibaya. Ubaya wake uko kwenye majibu ya uongo yanayotungwa kivivu, moja la kweli na matatu ya kuchekesha. Majibu ya uongo yachukue vichwani mwao. "Sufuria, kwa sababu ina maji mengi" ni jibu la uongo zuri sana, kwa maana litanasa watu. Wakinaswa 50 kati ya 84, Jumatatu unajua cha kufundisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya jaribio la Ijumaa.

Jambo la kujihadhari: ukianza, alama zitaporomoka. Waliozoea 80 watapata 45 na watalia, na mwalimu wa taaluma atakuita. Mtangulie. Nenda ofisini kwake kabla, na karatasi mbili mkononi, ya Ijumaa yenye 80 na matokeo ya Upimaji yenye D, umuulize kwa heshima anaona nini hapo. Mwache aongee yeye. Mtu akigundua tatizo mwenyewe halipigi vita. Unaweza pia kumkumbusha kwamba mtaala wetu unadai umahiri tangu 2005, na mtaala mpya ulioanza 2024 umelirudia jambo hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Hutaonekana mleta mambo mapya.

Utaniuliza karatasi 84 zenye maelezo nitazisahihisha lini, na mimi nina vipindi vya masomo matatu. Huwezi, usijaribu. Swali moja la maelezo kwa wiki, na karatasi kumi na tano kwa zamu ndizo uzisome kwa kina. Nyingine wabadilishane wasahihishane, nawe ukisoma mwongozo kwa sauti na kubishana nao. Kwenye hizo kumi na tano andika sentensi moja tu, na usiweke alama. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha jaribio alilofanya na wanafunzi huko Israeli: waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri, na waliopewa maoni pamoja na alama hawakunufaika kama wao. Sababu ukiwa darasani unaiona kwa macho. Mtoto akipata karatasi, jicho linakimbilia namba, kisha linakimbilia namba ya jirani, na yale uliyoandika kwa wino na mapenzi yanakuwa takataka.

Kwenye swali la vitendo, ugeuze mwongozo wako kichwa chini. Kama lina alama kumi, jibu la mwisho lipewe moja. Nyingine ziende kwenye jedwali lenye vipimo vyake, kwenye kupima zaidi ya mara moja, kwenye grafu iliyochorwa kutokana na namba zake mwenyewe, na kwenye maelezo. Na namba inayofanana na kitabu lakini haifanani na jedwali la mtoto mwenyewe, isipate kitu. Wakijua hilo, kundi la sita halitanakili tena kwa la tatu, kwa sababu kunakili hakulipi.

Kiswahili. Agizo la shule silivunji kwa kalamu yangu, na mtihani wa taifa wataufanya kwa Kiingereza, huo ndio ukweli wa sekondari zetu kwa sasa. Lakini watoto hawa walisoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili. Neno jotoridi walilijua kabla hawajakufahamu wewe, na wengi hawajui kwamba lile la Kiingereza ni lile lile. Wakati wa kutabiri na kubishana, Kiswahili. Wakati wa kuandika, Kiingereza, sentensi tatu, kila mmoja na zake. Andika ubaoni maneno mawili mawili, la huku na la kule, joto na mwenzake, jotoridi na mwenzake, kani na mwenzake. Ukikumbushwa mbele ya wenzako, waonyeshe daftari la mtoto: hiki hapa Kiingereza chake, na safari hii kimetoka kichwani. Nami binafsi, kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunikumbusha, naona ajabu kwamba mtoto anaweza kuadhibiwa kwa kuelewa.

Sasa alama za titresheni. Hapa sitakupaka mafuta. Usijaze. Sahihi itakayokuwa pale chini ni yako, si ya mwalimu wa taaluma wala ya hizo shule nyingine zote anazozisema. Na anayeumia ni mtoto anayeambiwa amepata 70 kwenye bureti, ule mrija wa kupimia mililita, ambayo hajawahi kuishika, kisha anakutana nayo kwenye mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, mikono inatetemeka. Ulijaza mwaka jana, umeshaungama, usirudie.

Lakini ukienda na "sijazi" mikono mitupu utaonekana mkaidi. Nenda na kitu. Maua ya choya yaliyokaushwa yapo sokoni; yaloweke, maji yake ni mekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye alkali. Maji ya majivu yaliyochujwa ni alkali, ndimu ni asidi. Bomba la sindano la mililita 10, jipya na bila sindano, linapima vizuri kuliko unavyofikiri. Mtoto anatia maji ya ndimu kidogo kidogo kwenye maji ya majivu yenye choya mpaka rangi igeuke, anaandika mililita ngapi, anarudia mara tatu, anatafuta wastani. Kuna kupima, kuna kurudia, kuna jedwali, kuna kiashiria. Hiyo alama utaiandika kwa mkono mwepesi, na utaandika wazi kwamba ni zoezi la vifaa vya mazingira. Maji ya majivu yanawasha macho, yasichezewe, na mtu asinyonye chochote kwa mdomo.

Hilo linakuvusha muhula, halichukui nafasi ya bureti. Kabla hawajaingia kidato cha nne lazima waishike ya kweli. Andika orodha fupi ya kemikali na vifaa, fupi kweli, vitu vitano au sita vyenye bei, umkabidhi mkuu wa shule kwa maandishi na ubaki na nakala. Wakati inasubiri, ulizia sekondari ya jirani yenye maabara. Jumamosi moja, wanafunzi wako kwa zamu, na wao wapate mwalimu wa Biolojia wa kuwasaidia siku nyingine. Walimu wa sayansi tumezoea kuazimana hata chaki.

Usifanye yote wiki hii. Wiki hii ni maji na barafu, na kijana wako. Ukimaliza mfanye yeye ndiye mtunza vipimajoto wa darasa: avihesabu, avioshe, avijaribu kwenye barafu kila mwanzo wa muhula na kuandika kila kimoja kinakosea kwa kiasi gani. Na funguo za lile kabati, mwombe mkuu wa shule ziwe zinakaa kwako. Kisha niandikie. Nataka kujua kile kipimajoto cha tatu, kilichokuwa kinacheza kati ya 93 na 94, kilisoma ngapi kwenye barafu.